Kabla hujachagua bamba la kishikio, angalia matundu kwanza

Wateja wetu wengi wakija kuulizia mabamba wanakuja na picha kwenye simu. Picha nzuri tu, kabati limepakwa rangi iliyotulia, kinobu, kile kishikio kidogo cha kushika kwa vidole, kinang'aa na nyuma yake kuna kibamba cha brasi chenye nakshi pembeni, afu mtu anasema nataka kama hiki hiki. Sasa sisi swali letu la kwanza huwa siyo rangi wala nakshi, tunauliza mlango wako una matundu mangapi na yameachana kiasi gani, na hapo ndo wengi wanakwama manake hawajapima. Tukaona bora tuandike kwa urefu, kwa sababu mabamba yanayorudishwa kwetu mara nyingi hayana shida ya uzuri, ni kwamba yamefika nyumbani yakakataa kukaa, na inatuuma kuona mtu amepoteza siku nzima na fundi wake kwa kitu ambacho rula ingekimaliza dakika mbili.

Kwa ambaye hajawahi kulitafuta, bamba ndo kile kipande chembamba, mara nyingi cha chuma, kinachokaa kati ya kishikio na ubao. Mlangoni linaweza kuwa refu lenye tundu la ufunguo chini ya hendo, ule mkono wa kufungulia mlango, au duara dogo tu linalozunguka hendo. Kwenye kabati na droo linakaa nyuma ya kinobu au nyuma ya kishikio cha kuvuta. Watu wanaliona pambo, na ni pambo kweli, ila lina kazi yake. Uingereza enzi za Victoria milango mingi ilifungwa mabamba marefu juu na chini ya kinobu ili vidole visichafue rangi. Hata leo angalia kabati la jikoni lililotumika miaka mingi bila bamba, pale karibu na kishikio rangi imelika, kuna weusi wa mafuta ya mikono, kuna mikwaruzo ya kucha na pete. Hapo hapo ndo bamba linapokaa.

Tuanze na kabati. Vishikio vya kuvuta vina matundu mawili, na kipimo chake kinachukuliwa katikati ya tundu moja hadi katikati ya lingine. Vipimo utakavyokutana navyo sana ni milimita 96, 128 na 160, zote zinagawanyika kwa 32 kwa sababu matundu ya kabati za kiwandani yanapangwa kwa hatua za milimita 32. Kuna na 76, hiyo ni inchi 3. Kulenga katikati ya tundu kwa macho ni kazi, so fanya hivi: pima kutoka ukingo wa kushoto wa tundu la kwanza hadi ukingo wa kushoto wa tundu la pili, utapata jibu lile lile. Andika kwa milimita, usiandike "kama sentimita kumi hivi", kumi hivi ndo inayorudisha watu dukani.

Sasa raha ya bamba iko kwenye kuficha. Tuseme kabati lako lina matundu ya 96 na umechoka na vishikio virefu, unataka kinobu kimoja katikati. Bila bamba inabidi uzibe matundu mawili kwa puti, upige msasa, upake rangi upya na uombe Mungu rangi ifanane. Ukiweka bamba refu unatoboa tundu moja tu katikati na yale mawili yanalala chini yake. Ila hesabu vizuri, 96 ni katikati kwa katikati, ongeza upana wa tundu lenyewe, kama milimita 5, unafika 101, na bado unahitaji ukingo kidogo kila upande, kwa hiyo chini ya 110 usichukue, na ikifika 120 unalala usingizi. Halafu kuna kitu watu wanasahau, kivuli cha kishikio cha zamani. Ukikitoa unakuta ubao wa chini yake una rangi tofauti na uliobaki, umekaa umbo la miguu ya kishikio, na hicho kivuli ni kikubwa kuliko tundu. Pima kivuli.

Ukitaka kutoka 96 kwenda 128 na yenyewe inawezekana vizuri sana, matundu mapya yataangukia milimita 16 nje ya ya zamani kila upande, ubao unabaki na nguvu na bamba linafunika yote manne. Tatizo linakuja vipimo vikikaribiana, tundu jipya likigusana na la zamani dirili inateleza inaingia shimo la kwanza, unatoka na shimo la yai. Hapo ziba kwanza kwa kijiti cha mbao na gundi, acha ikauke kabisa, ndo utoboe. Puti haishiki dirili wala skrubu, hilo tunalisema kila siku na hatutachoka.

Kitu kingine ni sehemu tambarare. Milango ya kabati yenye fremu na paneli iliyozama katikati, fremu yake mara nyingi ina upana wa milimita 50 hadi 60 hivi, na bamba lazima lilale lote pale juu. Likipanda hata kidogo kwenye ule mchirizi wa fremu linabaki limening'inia upande mmoja, unafungua droo linagonga, na uchafu unaingia chini yake. Bamba la upana wa 40 kwenye fremu ya 50 limekaa vizuri, la 60 kwenye fremu hiyo hiyo sahau hata kama ndo ulilolipenda.

Na bolti jamani. Bamba lina unene, milimita 1 mpaka 3 hivi, na huo unene unakula bolti yako. Ubao wa 18, bamba la 2, na kinobu kinataka bolti iingie ndani yake angalau milimita 5 au 6, hapo unahitaji kama 26, wakati bolti uliyotoa kwenye kishikio cha zamani ni 22. Inashika nyuzi mbili tatu, baada ya mwezi kinobu kinabaki mkononi. Ikizidi urefu nayo shida, inafika mwisho wa tundu la kinobu kabla haijabana na kitu kinazunguka zunguka tu. Kwa hiyo ukinunua bamba uliza na bolti siku hiyo hiyo. Mabamba mengi ya vinobu hayana skrubu zake yenyewe, yanashikwa na ile bolti moja, la duara likizunguka hakuna atakayejua ila la pembe nne au la yai likipinda kidogo tu linaonekana kutoka mlangoni. Tone la silikoni nyuma yake linamaliza hilo.

Milangoni mambo ni makali zaidi kwa sababu bamba linafuata kitasa kilichomo ndani ya ubao, halina huruma. Kipimo kikuu ni kutoka katikati ya kile kichuma cha pembe nne kinachozungushwa na hendo hadi katikati ya tundu la ufunguo. Ujerumani milango ya ndani ni milimita 72, milango ya nje mara nyingi 92, vitasa vingi vya Uingereza vya ufunguo wa kawaida ni 57. Ukikosea hapo hakuna kulazimisha, ufunguo hautaingia. Angalia pia umbo la tundu, ufunguo wa zamani una tundu lake na silinda, ile ya ufunguo bapa wa kisasa, ina lake. Kama mlango wako ni wa mtindo wa Marekani, ule uliotobolewa shimo kubwa la duara la milimita 54, usinunue kiduara kidogo cha kupendeza ukakuta shimo linachungulia pembeni, chukua chenye kipenyo cha 65 kwenda juu.

Vipimo vikishakaa ndo tunaongelea urembo na malighafi. Brasi halisi ni nzito na sumaku haiishiki. Sumaku ikinasa, hicho ni chuma kilichopakwa. Isiponasa bado usishangilie, aloi ya zinki, yaani zinki iliyochanganywa na metali nyingine, nayo hainaswi, geuza bamba uangalie ndani ya tundu la skrubu au mgongoni palipokwaruzika, brasi ni njano mpaka ndani na zinki ni kijivu. Zinki siyo mbaya, kwenye droo za chumbani inakaa miaka, ila bafuni pale mng'ao wa juu ukipasuka inaanza kutoa vipele. Karibu na bahari chukua stenlesi ya daraja 316 badala ya 304, ina molibdenamu ndani yake na inavumilia chumvi zaidi.

Brasi isiyopakwa vanishi itabadilika, itakuwa na weusi na hudhurungi pale mikono inapogusa, na wapo wanaoipenda kwa sababu hiyo hiyo, sisi tukiwemo. Hiyo iliyo wazi ina faida nyingine, mwaka 2008 shirika la mazingira la serikali ya Marekani, EPA, lilisajili aloi za shaba, na brasi ni mojawapo, kama zinazoua bakteria, ila ukiifunika kwa vanishi mkono haugusi shaba tena. Kama hutaki kuona ikibadilika chukua yenye vanishi na uifute kwa maji na sabuni laini tu, dawa za kung'arisha zinaikwangua.

Kwenye kuchanganya rangi ushauri wetu ni ama ifanane kabisa ama itofautiane waziwazi. Brasi ya kiwanda kimoja na ya kingine mara nyingi hazifanani, bamba na kinobu zikikaribiana bila kufanana inaonekana kama umekosea, wakati brasi juu ya bamba jeusi inaonekana umechagua. Na nakshi nzito usiweke karibu na jiko, mafuta yataingia kwenye kila kona na utasugua kwa mswaki.

Siku ya kufunga, skrubu za brasi ni laini, ukizilazimisha kwenye mbao ngumu zinakatika kichwa. Toboa kwanza, ingiza skrubu ya chuma ya saizi ile ile, itoe, ndo uweke ya brasi iliyopakwa sabuni au nta kidogo. Bamba jembamba usilibane mpaka mwisho, linajikunja katikati.

Ukitaka tukusaidie kuchagua tutumie picha ya tundu ikiwa na rula pembeni, unene wa ubao, na upana wa sehemu tambarare. Na kishikio cha zamani usikitupe bado, njoo nacho, na bolti zake.