Msituondolee kichaka kwenye uwanja wa watoto

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika toleo lililopita akitaka kichaka kilichopakana na uwanja wa kuchezea watoto kifyekwe chote, magogo ya kupandia yaondolewe, na pale chini patandikwe zulia la mpira. Hoja yake ni usalama. Mimi ni babu wa wajukuu watatu, na karibu kila Jumamosi niko pale nao, kwa hiyo sisemi ya kuambiwa.

Nakubaliana naye kwamba nyoka wapo na kupe wapo. Ila nyoka haji kumtafuta mtoto. Anakaa kwenye nyasi ndefu, chini ya malundo, na mahali penye panya. Basi nyasi za ukingoni zikatwe ziwe fupi, njia ya kuingilia kichakani iwe pana kiasi cha mtoto kuona anapokanyaga, na mabaki ya vyakula tunayoyaacha sisi watu wazima kwenye mabenchi yazolewe kabla hayajawaita panya. Mtoto naye aambiwe mapema kwamba mkono hauingizwi shimoni wala chini ya jiwe. Kupe dawa yake ni viatu vya kufunika mguu, suruali iliyochomekwa ndani ya soksi, na ukaguzi jioni: nyuma ya masikio, kwapani, kinenani, nyuma ya magoti. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi umvute taratibu. Habari za kumpaka mafuta au kumchoma kwa kiberiti tuachane nazo. Kwangu kazi yote hiyo haimalizi robo saa, wala haihitaji shoka.

Sasa nieleze ninachokiona pale. Wajukuu wangu wakifika hukimbilia bembea na mtelezo, na baada ya muda mfupi wameshavichoka. Wanahamia kwenye magogo. Jumamosi iliyopita huyu mdogo, wa miaka minne, alibandua gome lililooza akamkuta jongoo. Akamgusa kwa kijiti, jongoo akajikunja. “Babu, amelala?” Nikamwambia hapana, anangoja uondoke. “Basi siondoki.” Akachutama pale, mikono magotini, kimya, mpaka jongoo akakunjuka na kuanza kutembea. Nyumbani mtoto huyuhuyu hamalizi kufunga viatu bila kukimbia mara mbili. Dada yake wakati huo alikuwa anagombea tawi refu na watoto asiowajua. Kila upande unajenga nyumba yake. Nilijiandaa kwenda kuamua, lakini magoti yangu yalichelewa, na nilipofika nyumba zilikuwa zimeunganishwa, lile tawi limekuwa mwamba wa paa la wote. Nimeshukuru sana kwa magoti mabovu siku hiyo.

Jambo hili liligunduliwa zamani. Mbunifu wa bustani wa Denmark, C. Th. Sørensen, aliona kwamba watoto walivipita viwanja alivyowachorea wakaenda kucheza kwenye mabaki ya ujenzi. Wazo lake ndilo lililozaa uwanja wa Emdrup, Copenhagen, mwaka 1943, ambako watoto waliachiwa mbao na matofali wajenge wanachotaka. Pale kwetu kichaka kinatupatia vifaa hivyo bure: kijiti leo ni fimbo, kesho ni ngazi. Ngazi ya plastiki itabaki ngazi.

Na kwa wanaoogopa uchafu, kuna utafiti wa Ufini uliochapishwa mwaka 2020. Nyua za vituo vya kulelea watoto ziliwekewa tabaka la ardhi ya msitu na nyasi, watoto wa miaka 3 hadi 5 wakaachwa wachezee. Baada ya siku 28 ngozi zao zilikuwa na bakteria wa aina nyingi zaidi, na damu ikaonyesha dalili za kinga ya mwili inayojidhibiti vizuri zaidi. Watoto walikuwa 75 tu, sitaki kuyakuza matokeo hayo. Lakini tangu niyasome nimepunguza kupiga kelele mtu akishika tope.

Zulia la mpira nalo, aliyelipendekeza aende akaweke kiganja chake juu ya mpira mweusi uliopigwa na jua la saa nane mchana. Vipande vya mbao vilivyopo sasa vinapokea mtoto anayeanguka vizuri tu, mradi viwe na kina cha kama sentimita 30. Shida ni kwamba chini ya bembea miguu huvisukuma pembeni kila siku, na hakuna anayevirudisha kwa reki. Pale kwetu umebaki udongo mkavu, mgumu kama sakafu.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu hasa. Gogo refu mtoto analiona. Anaanza kulipima kwa mguu, anasita, anapanda au anashuka. Asichokiona ni msumari uliochomoza chini ya mkono wa daraja la mbao, ambao ulimkwaruza mjukuu wangu mkubwa kiganja. Niliwaarifu wasimamizi wa uwanja siku ileile, na nikarudia kwa maandishi. Wiki ya tatu hii inakwisha, msumari upo palepale. Kilicholetwa ni kibao kipya, kimepakwa rangi vizuri, kinachosema: “Ni marufuku kupanda magogo.” Kimepigiliwa kwenye mti kwa misumari minne, kwa hiyo nyundo wanayo.

Jumamosi hii tunakwenda tena. Nitabeba ya kwangu.

Babu wa wajukuu watatu