Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Bodi: kibali kimekwama kwa nani?

Ndugu Mwenyekiti,

Salaam. Mimi ni mwanahisa wa kampuni yenu ya utafutaji madini, mdogo kiasi kwamba jina langu halitakusaidia kitu. Juzi nilitandaza mezani taarifa nne za robo mwaka. Aya ya vibali ni ileile: "Tunatarajia kupata kibali cha uchorongaji robo ijayo," yaani ruhusa ya kutoboa mwamba kuona kama kuna madini. Hata kosa la herufi kwenye neno "mazingira" limehama lilivyo, taarifa hadi taarifa.

Najua vibali huchelewa. Tathmini ya athari kwa mazingira si barua ya kuomba likizo. Kuna maji, kuna wenye ardhi, kuna wataalamu wa kuipitia. Hapo sikulaumu. Nauliza tu: maombi yalipelekwa lini? Yalirudishwa? Kama yalirudishwa, kilipungua nini, na nani alipaswa kukijaza? Maana kuna faili linalosubiri serikalini, na kuna faili ambalo bado limelala kwenye droo ya meneja. Kwenye taarifa zenu yote mawili yanaitwa "mchakato unaendelea".

Mwaka 1997 ilibainika kuwa sampuli za kampuni ya Bre-X, kutoka Busang kule Indonesia, zilikuwa zimetiwa dhahabu kwa udanganyifu, ili mradi uonekane tajiri. Kanada, ilikosajiliwa kampuni hiyo, ikaja na kanuni mwaka 2001: taarifa za kitaalamu za mradi zisimamiwe na mtaalamu mwenye sifa, anayetajwa kwa jina. Nanyi mnajivunia kuifuata. Ndiyo maana kwenye taarifa zenu kila gramu ya madini kwa tani ya mwamba ina mwenyewe, mtaalamu anayeijibia kwa jina. Tarehe ya kibali haina mwenyewe. Ikipita, inasogezwa.

Na kusubiri huko kunalipiwa. Kampuni ya utafutaji haina mauzo; inaishi kwa kuuza hisa. Mtambo umesimama, lakini mishahara, pango la ofisi na ada ya leseni vinatoka, na muda wa leseni yenyewe unazidi kuyoyoma. Fedha zikiisha mnatoa hisa mpya. Aliyekuwa na hisa 1 katika kila 100, idadi ikiongezwa mara mbili anabaki na 1 katika kila 200, na hakuna hata shimo moja lililochorongwa. Na ndani ya mwaka wa taarifa hizo nne, uongozi ukajilipa bonasi ya "maendeleo ya vibali". Nilirudia kusoma nikidhani miwani imenidanganya. Maendeleo yapi, Mwenyekiti?

Kwenye mkutano mkuu tuletee karatasi moja tu: kila kibali, tarehe kilipoombwa, kiko mezani kwa nani, na jina la mtu wenu anayekifuatilia. Bonasi yake ilipwe kibali kikiwa mkononi. Na kama kuna ombi ambalo halijawahi kupelekwa, tuambieni siku hiyo, kabla hamjatuomba tupitishe hisa nyingine.

Wako,
Mwanahisa mdogo