Kifaa kile si kamera, na hakitazamwi kwa jicho moja

Mhariri,

Naomba nafasi nirekebishe jambo. Jumamosi iliyopita, ukurasa wenu wa vijana uliandika kwamba picha za kuona kina, yaani kipi kiko karibu na kipi kiko mbali, zimeletwa na miwani ya siku hizi, ile inayovaliwa kama barakoa. Chini yake mkaweka picha ya kijana ameshika kifaa cheusi cha zamani, amekibana kwenye jicho la kulia, la kushoto kalifumba. Maelezo yakasema ni kamera ya enzi za babu zetu. Mimi ni babu, nikaona hii inanihusu.

Ile si kamera. Ni View-Master, haipigi picha hata moja, inaonyesha zilizokwisha kupigwa. Aliyeibuni ni William Gruber, Mjerumani aliyehamia Marekani na kufanya kazi ya kusawazisha sauti za piano, na ilianza kuuzwa mwaka 1939. Siri yenyewe, ya kuonyesha kila jicho picha yake ili kina kionekane, ni ya zamani zaidi. Mwingereza Charles Wheatstone aliieleza mwaka 1838, akitumia vioo viwili vya kujitazamia na michoro ya mkono, maana upigaji picha ulikuwa haujatangazwa bado.

Ya kwangu niliipata soko la Karume, kwenye vitu vya mtumba, imefunikwa na waya za chaji. Muuzaji naye aliiweka jicho moja, akaizungusha juu chini, akasema, "Mzee, kamera hii imekufa, haina pa kuweka filamu, nipe elfu nane." Tukamalizana kwa elfu tano. Sikumwambia kwamba ndani yake kisahani kilikuwa bado kimo.

Hicho kisahani ndicho mali. Ni duara la karatasi ngumu, pembeni limepachikwa vipande 14 vya filamu, kila kimoja kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Vipande 14, lakini mandhari ni 7 tu, kwa sababu kila mandhari imepigwa mara mbili: mara moja kama inavyoonwa na jicho la kushoto, mara ya pili kama inavyoonwa na la kulia. Picha pacha hizo hazikai jirani. Moja iko upande huu wa duara, mwenzake upande wa pili kabisa, ili kila jicho lipate ya kwake. Ukibonyeza kimkono cha kulia, kisahani kinasogea, kinalia "ta!", na mandhari nyingine inasimama. Betri hakuna. Unageukia dirishani tu.

Changu kilikuwa na picha za Grand Canyon, lile korongo kubwa la Marekani. Lenzi zilikuwa na ukungu, mnajua unyevu wa Dar unavyofanya vioo, nikazifuta kwa pamba. Filamu sikuzigusa, nilizipuliza vumbi tu, na nawasihi wenye visahani hivi kabatini wasivioshe kwa maji. Mjukuu wangu wa miaka tisa alipotazama alinyamaza, kisha akaanza kuinamisha kichwa kushoto, kulia. Nikamuuliza anatafuta nini. "Babu, kuna mwamba umenizibia, nataka kuona nyuma yake."

Nilimwelewa sana, kwani nimekula mshahara kwa kazi hiyo hiyo. Nilikuwa mchora ramani, na mezani tulikuwa na stereoskopu, miguu minne ya chuma na lenzi mbili, basi. Ndege inapiga picha za ardhi zikipandana kiasi cha asilimia 60, hivyo kila mahali panaonekana kwenye picha mbili. Unazilaza chini ya lenzi, unazisogeza kwa ncha za vidole, macho yanauma kidogo, halafu ghafla ardhi inainuka. Minazi inasimama. Vilima vya Pugu, ambavyo ukipita kwa gari huvijali, vinachongoka kama milima, kwa kuwa macho yetu yameachana sentimita 6 au 7 tu, ila ndege imepiga picha ya pili ikiwa imeshakwenda mamia ya mita, na nafasi hiyo ikizidi, kina nacho kinazidi.

Ole wako uzipange kinyume, ya kushoto ikae kulia. Bonde linafura kuwa tuta, nyumba zinazama kama visima. Mkubwa wangu mmoja alikuwa na mchezo huo kwa wageni. Wiki yangu ya kwanza alinipangia Bonde la Msimbazi, akaniuliza mto unapita wapi. Nikamwonyesha, kwa uhakika kabisa, mto unaopita juu ya mgongo wa kilima. Ofisi nzima ilicheka mpaka saa ya chai.

Sasa hayo yote yanataka macho mawili. Ukifumba moja, Grand Canyon inabaki picha ya kalenda, na kifaa kinaonekana kweli kimekufa kama alivyosema yule wa Karume. Mimi tangu mwaka juzi mtoto wa jicho ameniingia la kushoto, nangoja zamu yangu ya upasuaji. Nikikitazama kisahani, naona rangi ya mawe, naona anga, lakini kina chenyewe siwezi kukiona. Mjukuu ndiye ananisimulia kipi kiko mbele na kipi kiko mbali, na mara nyingine namshuku ananidanganya.

Kwa hiyo mwambieni yule kijana wa kwenye picha alifumbue jicho la kushoto. Lake ni zima.

Mchora ramani mstaafu,
Ilala, Dar es Salaam