Barua kwa Rehema: mawe mawili ya Belém

Lisbon, Ureno

Rehema mpenzi,

Habari za siku nyingi? Sisi huku hatujambo, baridi tu ndiyo inatusumbua. Juzi kwenye simu uliniuliza kama Wareno wameweka kumbukumbu yoyote ya yule mfalme wao aliyenusurika kuuawa, maana unataka kuwasimulia wanafunzi wako. Kumbukumbu ziko mbili, na tangu nizione sijatulia. Ndiyo maana nakuandikia barua nzima.

Ilikuwa usiku wa tarehe 3 Septemba 1758. Mfalme José wa Kwanza alikuwa akirudi kwake kwa siri, ndani ya gari la farasi la mtumishi wake, akitokea kwa hawara. Na kwake hapakuwa jumba la mawe. Tetemeko la 1755 lilipoibomoa Lisbon, mfalme aliingiwa na hofu asitake tena kulala chini ya kuta nzito, akajengewa makazi ya mbao na mahema kwenye kilima cha Ajuda. Njiani akaviziwa na watu wenye bunduki. Risasi zikamjeruhi, lakini akapona.

Yule hawara alikuwa mke wa kijana wa ukoo wa Távora. Waziri Sebastião José de Carvalho e Melo, ambaye baadaye alipewa cheo cha Marquês de Pombal, alikaa kimya mpaka Desemba, kisha akawakamata akina Távora na wenzao, wakashtakiwa kwa kutaka kumuua mfalme. Tarehe 13 Januari 1759 waliuawa hadharani pale Belém, mtaa wa hapa Lisbon: mzee Francisco de Assis de Távora, mkewe Leonor, wana wao wawili, mkwe wao, kabaila mwenzao Duke wa Aveiro, na watumishi. Miili ikachomwa moto, majivu yakatupwa mtoni Tagus. Mzee huyo alikuwa mtawala mkuu wa Wareno huko Goa, India, kuanzia 1750 hadi 1754, na mpaka 1752 Msumbiji ilikuwa chini ya Goa. Kwa hiyo si mgeni kabisa kwa historia ya pwani unayoifundisha.

Sasa mawe yenyewe. Pale alipopigwa risasi, mfalme alijenga kanisa la kumshukuru Mungu, Igreja da Memória, lililoanzwa 1760. Ni dogo, lina kuba, na linapendeza. Jingine ni mnara, na huo ndio ulionikaba roho. Jumba la Duke wa Aveiro lilibomolewa mpaka msingi, kiwanja kikamwagiwa chumvi, na katikati ikasimamishwa nguzo ya mawe ya kama mita tano, imezungushiwa pete tano za mawe toka chini hadi juu. Chini yake yamechongwa maandishi kwamba katika ardhi hii yenye aibu hapataruhusiwa kujengwa kamwe.

Rehema, wamejenga! Nguzo imebanwa na nyumba kwenye kichochoro kinachoitwa hadi leo Beco do Chão Salgado, ardhi iliyotiwa chumvi. Hatua chache tu kutoka hapo, Rua de Belém, watu wamejipanga foleni ya keki za mayai, na wengi wanapita bila kugeuza shingo. Nimesimama pale nikisoma herufi moja moja, hasira ikinipanda kwa ajili ya Leonor, kwa sababu kesi ile iliendeshwa haraka na watu waliteswa ili waseme. Mfalme alipokufa mwaka 1777, binti yake Maria akatawala, kesi ikafunguliwa upya, na mwaka 1781 majaji wakawasafisha akina Távora. Duke hakusafishwa. Lakini hukumu ya kwanza ndiyo iliyochongwa kwenye jiwe. Ile ya pili sikuiona popote pale kichochoroni. Kwangu mimi hilo ni kosa, na lingerekebishwa kwa kibao kimoja tu.

Halafu nenda kanisani ukaone kaburi lililomo: ni la Pombal mwenyewe. Mifupa yake ilihamishiwa humo mwaka 1923. Aliyeiongoza kesi ile amelazwa ndani ya shukrani ya mfalme, na waliouawa majivu yao yalikwenda na maji.

Ukiwafundisha watoto, naomba uanze na ile nguzo kabla ya kanisa, na jina la Leonor ulitaje. Picha za maandishi na za zile pete nakutumia leo usiku. Uniandikie walichouliza darasani, hasa wale wabishi wako wa nyuma.

Msalimie sana mama, na watoto wote.

Wako akupendaye,
Zuhura