Anayefunga waya ndiye akae na ufunguo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye hoteli za ufukweni hapa Bagamoyo, wasimamizi wa sherehe, na vijana wanaokodiwa kupiga fataki usiku wa mwaka mpya. Kwamba fataki hazipigwi bila kibali cha Polisi, hilo hukumbushwa kila mwisho wa mwaka. Langu linaanza pale kibali kimeshapatikana: fataki zenyewe zinawashwa namna gani?

Mara nyingi zinawashwa kwa mkono. Mtu anainamia boksi la mirija, anawasha utambi kwa kiberiti cha gesi, kisha anakimbia. Kanuni za Marekani zinataka utambi wa fataki za watu wa kawaida uungue kwa sekunde 3 hadi 9. Sasa pima sekunde 3 kwenye mchanga laini, gizani, na ndala mguuni. Ulaya, fataki hupangwa kwa madaraja kadiri ya hatari yake: za daraja la F2 zinatakiwa kukaa angalau mita 8 kutoka kwa watu, za F3 mita 15, na za F4 haruhusiwi kuzigusa asiye na mafunzo. Mwashaji wa mkono yuko ndani ya mita hizo kila mara. Umeme ndio unaomtoa hapo, ndiyo maana nautetea. Lakini betri ya pikipiki na nyaya mbili zilizochubuliwa, zinazogusanishwa kwa vidole, hazimtoi popote. Zinamwongezea hatari ya pili.

Viwashio vya umeme viko vya aina mbili. Kimoja ni mfano wa njiti ya kiberiti: nyaya mbili zinazoishia kwenye kijichwa kilichopakwa dawa, ndani yake uzi wa chuma mwembamba sana. Kingine ni kibanio cha plastiki chenye waya unaopata moto kama ule wa jiko la umeme. Kinabana utambi na kuuchoma kwa nje. Anayeanza atumie kibanio. Hakina dawa, hivyo hakiwaki kwa kusuguliwa wala kugongwa, jambo ambalo kijichwa kinaweza kulifanya. Ubaya wake ni kwamba kinakula umeme zaidi, kinataka kubonyezewa sekunde moja au mbili, na kila kimoja kinahitaji tundu lake kwenye kisanduku cha kuwashia. Aina zote mbili zinunuliwe za kiwandani, na kofia ya plastiki inayolinda kijichwa isivuliwe.

Kiwashio kinafungwa kwenye utambi uleule ulioachwa na kiwanda. Kutoboa boksi ili kukipenyeza ndani ni kuchokonoa baruti kwa chuma, tena ni kuondoa zile sekunde chache za utambi ambazo ni akiba yako jambo likienda mrama.

Hesabu ndiyo inayowaangusha wengi. Chukua viwashio 10 vya kijichwa vilivyofungwa kwa mfululizo, yaani umeme unapita kimoja hadi kingine kwenye njia moja, kila kimoja kikiwa na ukinzani wa omu 2: jumla omu 20. Waya wa milimita za mraba 0.5, kwa umbali wa mita 50, ni mita 100 kwenda na kurudi, unaongeza omu 3.5 hivi. Betri ya volti 12 hapo inatoa kama nusu ampea tu, na ikichoka inashuka zaidi. Kiwango hicho kiko mpakani mwa kuwaka na kutowaka. Kiwashio kilicho chepesi kuwaka kuliko wenzake kinatangulia, kinakata njia ya umeme, na vilivyobaki vinalala. Watazamaji wanaona boksi moja limewaka na mengine kimya, kisha mtu anatumwa akaangalie. Huko kutumwa ndiko kunakoumiza watu. Tumia kisanduku cha volti 24, au bora zaidi, kiwashio kimoja kwa tundu moja. Na isitokee mtu akaenda kwenye soketi ya ukutani eti umeme wa betri ni mdogo: volti 230 kwenye mchanga uliolowa maji ya chumvi, na watu miguu mitupu, zinaua kabla ya fataki.

Kisanduku kiwe na swichi ya ufunguo, na ufunguo uwe mmoja. Anayekwenda kufunga nyaya kwenye fataki anauchomoa na kwenda nao mfukoni, betri ikiwa imetolewa. Usiachwe kwa rafiki, wala kwa mpiga muziki, wala juu ya meza. Ncha za kila kiwashio zibaki zimesokotwa pamoja mpaka dakika ya kuunganishwa, ili umeme wowote wa kuokoteza usipate pa kupita. Simu na redio upepo zikae mbali na nyaya wakati huo, na ngurumo za vuli zikisikika, kazi isimame na watu waondoke.

Kupima njia kama imekamilika ni lazima, ila kupima kwa globu na betri ni kuwasha. Taa ya kupimia ya kisanduku cha fataki imetengenezwa ipitishe umeme mdogo mno, chini ya miliampea 50. Mita ya zamani ya mshale, ikiwekwa kwenye kipimo cha chini kabisa cha omu, baadhi hutoa hadi miliampea 150, na kiwashio cha kijichwa huanza kuwa mashakani kwenye miliampea 200 hivi. Tofauti hiyo ni ndogo mno. Pima kwa kisanduku chenyewe, kila mtu akiwa ameshaondoka kwenye fataki.

Hewa yetu ya chumvi hula shaba haraka. Waya uliotumika mwaka jana una kutu ya kijani ndani ya ganda. Kata ncha, chubua upya sentimita 2, sokota, funga tepu. Mchanga nao hauaminiki. Boksi likitikiswa na mirija yake ya kwanza hulala, na mirija iliyobaki hupiga kwa watu. Lizike hadi nusu ya kimo chake au lifunge kwenye vigingi viwili virefu. Uliza maji pia: mwezi ukiwa mpevu au ukiandama kuna bamvu, na ulipopanga fataki maji yakiwa yamekupwa panaweza kuwa bahari maji yakijaa.

Ila linaloninyima raha kuliko yote ni makuti. Desemba ni kaskazi, na pwani ya Bagamoyo inaipokea usoni. Karatasi inayoungua juu ya maji inarudi nchi kavu na kutua kwenye paa kavu la baa au la jirani. Fataki zipangwe pembeni, mahali ambapo mstari wa upepo unapita juu ya uwanja mtupu. Paa limwagiwe maji mapema, na mtu mwenye mpira wa maji akae pale hadi saa nzima baada ya mlio wa mwisho. Bendera zikipeperuka kwa nguvu, fataki zisipigwe usiku huo, hata kama zimelipiwa. Namba ya Zimamoto ni 114, na msimamizi awe nayo kichwani.

Fataki isipowaka, zima, chomoa ufunguo, tenganisha betri, subiri nusu saa. Kisha ilowekwe kwenye ndoo ya maji mpaka kesho yake. Boksi lililoanza kupiga likakatikia katikati halifungwi waya mara ya pili.

Nawaomba wanaotoa vibali wamuulize mwombaji maswali haya: nani atakaa na ufunguo, upepo utapeleka wapi mabaki, na nani atasimama kwenye paa. Asiye na majibu asipewe. Na alfajiri, kabla watoto hawajashuka ufukweni, mchanga wote upitwe upya, kwa sababu mrija ambao haukuwaka usiku ndio wanaouokota asubuhi.

Fundi umeme,
Dunda, Bagamoyo