Barua kutoka Sapporo: mkuu wa posta na mlima wake

Sapporo, 12 Oktoba

Furaha mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na kwa watoto wa darasani kwako. Natumaini mlima wetu wa volkano, Nyiragongo, unawaacha mlale.

Jumamosi nilikwenda Showa-shinzan, mlima wa volkano kusini-magharibi mwa kisiwa hiki cha Hokkaido. Wageni wengi hushuka kwenye basi, hupiga picha, huenda kutazama dubu, kisha hupanda vigari vya kamba kwenda mlima Usu. Karibu na maduka ya zawadi kuna makumbusho madogo ya Mimatsu Masao. Humo ndimo nilimomalizia mchana wangu.

Ni makumbusho ya kizamani, Furaha. Picha nyeusi na nyeupe, karatasi zilizogeuka manjano, maelezo mengi ya Kijapani niliyoyasoma pole pole. Vijana wawili waliingia, wakazunguka haraka, wakatoka. Iliniuma, kwa sababu kitu chenyewe kiko ukutani pale: mistari ya penseli, mmoja juu ya mwingine, mlima ukikua.

Mimatsu alikuwa mkuu wa posta wa kijiji. Matetemeko yalianza mwisho wa Desemba 1943. Juni 1944 mlipuko wa kwanza ukapasua mashamba ya ngano, na baada ya miezi ya milipuko, lava ikaanza kujitokeza. Unajua lava ya Nyiragongo inavyokimbia. Sisi tuliikimbia 2002, nanyi tena 2021. Ile ya kule ni nzito mno, haitiririki. Ilisukuma ardhi juu mpaka Septemba 1945, na palipokuwa shamba pakawa na mlima wa karibu mita 400.

Vita vilikuwa vimepamba moto na serikali haikutaka habari hizo zienee. Vifaa vya upimaji havikupatikana. Basi yeye alitandaza nyuzi mbili nyuma ya posta, akaweka mahali pa kuegemeza kidevu ili jicho lisihame, akawa anachora umbo la mlima kwa kulilinganisha na nyuzi hizo. Mwaka 1948 michoro hiyo ilionyeshwa Oslo mbele ya wataalamu wa volkano wa dunia, na hadi leo inaitwa Mchoro wa Mimatsu. Nilikuwa nimeiona kitabuni, lakini kusimama karibu nayo ni jambo jingine kabisa: unaona mahali mkono ulipokaza penseli.

Mwaka 1946 aliununua mlima wenyewe kwa fedha zake, ili usichimbwe na ili wakulima waliopoteza mashamba wapate chochote. Mtu wa posta!

Watu wa eneo hilo hawajaacha kuutazama mlima. Mlima jirani, Usu, ulipolipuka Machi 2000, maelfu walikuwa wamekwisha kuhamishwa, na hakufa mtu.

Sasa nakuomba jambo. Kutoka shuleni kwenu kilele cha Nyiragongo kinaonekana asubuhi kabla mawingu hayajafunga. Wape darasa la sita daftari moja, mfunge nyuzi mbili dirishani, na kila siku mtoto mmoja achore moshi ulivyo: umepanda wima, umelala upande gani, au haupo. Usiku waandike kama mwanga mwekundu unaonekana. Wanaotazama mlima kwa mashine wapo mjini, na wanafanya kazi ngumu, lakini daftari la watoto halihitaji umeme. Nitakutumia picha za michoro ya Mimatsu kwa simu uwaonyeshe.

Niandikie kama mwalimu mkuu atakubali. Akikataa, nitamwandikia mwenyewe.

Wako,
Neema