Mtambo wa upepo usio na mapanga: soma kabla hujaagiza

Wateja wetu wa pwani wanatutumia sana video za mtambo wa upepo usio na mapanga, pipa tu linalozunguka juu ya paa. Swali ni lilelile: mnauza? Hapo kuna mitambo miwili tofauti, na matangazo huichanganya.

Mmoja ni silinda nzima inayozungushwa na mota. Upepo ukiipiga ikiwa inazunguka, inasukumwa ubavuni, kama faulo inayokunja kuzunguka ukuta wa mabeki. Mjerumani Anton Flettner alisimamisha silinda mbili za namna hiyo kwenye meli Buckau mwaka 1924, na mwaka 1926 meli hiyo, ikiitwa Baden-Baden, ilivuka Atlantiki hadi New York. Kwa umeme, kampuni ya Challenergy ya Japani imeufanyia majaribio Okinawa, kwenye vimbunga vikali. Kwa nyumba ya kawaida ni mashine ngumu, na mota yake inakula sehemu ya umeme unaozalishwa. Huo hatuuzi.

Mwingine ni Savonius, uliobuniwa na Sigurd Savonius wa Finland miaka ya 1920. Ni nusu mbili za pipa zilizopishanishwa: moja inakinga upepo kwa tumbo, nyingine inaupisha kwa mgongo. Unaanza kuzunguka kwa upepo mdogo, haujali upepo unatoka wapi, na fundi wa kuchomelea anaweza kuutengeneza kwa pipa la mafuta.

Udhaifu wake uko kwenye hesabu. Chukua wenye upana wa mita 1 na kimo cha mita 2. Upepo wa mita 4 kwa sekunde unapita hapo na wati kama 77, na Savonius nzuri huvuna asilimia 15 hadi 20 tu. Unabaki na wati 12 hadi 15: taa mbili na simu. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu inapanda mara nane, ila paa lililozibwa na miembe na ghorofa ya jirani halipati upepo huo. Tangazo likikuahidi wati 1000 kwa pipa hilo, linahitaji upepo wa karibu kilomita 60 kwa saa. Nyumbani kwako huo unavuma lini?

Kwa nyumba nyingi tunashauri sola kwanza. Savonius tunaifunga pale ufuo ulipo wazi na kusi inafika bila kizuizi, isaidie betri siku za mawingu. Tutumie picha ya paa ukiwa umeelekea baharini; tutakuja na kipima upepo kabla hatujapokea malipo ya awali.